Volti Zinazopotea Kati ya Betri na Nanga

Malalamiko huwa ni yale yale. Mwenye mashua iliyofungwa katika mkono wa bahari wa Mtwapa anampigia simu fundi wa umeme anayekaa Mjambere, kule Kisauni, Mombasa, na kumweleza kwamba winchi ya nanga haina nguvu. Chombo kikiwa kimetulia na mnyororo umelegea, winchi inazunguka vizuri tu. Kikienda kuvua na nanga ikajichimbia kwenye tope, mambo yanageuka: mota inaguna, mnyororo unapanda kwa shida, halafu ile swichi kubwa iliyo chini ya sitaha inaanza kulia ta-ta-ta na kila kitu kinasimama. "Fundi, mota imechoka," mwenye chombo anasema. Mota inafunguliwa, brashi za kaboni zinabadilishwa, inarudishwa. Safari inayofuata, ta-ta-ta. Inanunuliwa betri mpya. Mambo yanatengemaa siku chache, kisha yanarudi palepale.

Mara nyingi katika hali kama hiyo mota ni nzima na betri ni nzima. Kasoro iko kwenye kebo, ule waya mnene unaopita chini ya sakafu kutoka kwenye betri huko tezi hadi kwenye winchi huko omo. Unene wake haulingani na urefu wa safari yake. Hakuna anayeushuku, kwa sababu hautoi moshi, haujakatika, na ukipimwa kwa mita winchi ikiwa imezimwa unaonyesha volti zote 12 na ushei.

Kuchagua unene wa kebo hiyo ni hesabu fupi ya kuzidisha na kugawanya. Fundi yeyote wa Kisauni, Likoni au Changamwe anaweza kuifanya kwa penseli kabla hajakanyaga dukani. Lakini swali linaloulizwa huwa silo. Wengi huuliza, "Kebo hii itaungua?" Swali la kuuliza ni hili: winchi itapata volti ngapi wakati inavuta kwa nguvu zake zote?

Maji, mnyororo na uzito

Hesabu inaanzia baharini. Mombasa ni pwani ya maji yanayopanda na kushuka sana. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Tuseme nahodha ametia nanga mahali penye kina cha mita 5 maji yakiwa yamekupwa. Baada ya saa sita hivi kina kimefika mita 8, na kutoka usawa wa maji hadi omo kuna mita 1 nyingine. Mazoea ya mabaharia wengi wa mashua ni kulegeza mnyororo mara tano ya kimo hicho chote, ili nanga ivutwe kwa ulalo badala ya kunyanyuliwa. Hapo tayari ni mita 45 za mnyororo.

Mnyororo wenye unene wa milimita 10 una uzito wa karibu kilo 2.3 kwa kila mita. Mita 45 ni kilo 103 na zaidi. Ongeza nanga ya kilo 20, jumla inafika kama kilo 124. Watengenezaji wa winchi hushauri nguvu ya juu kabisa ya kuvuta iwe angalau mara tatu ya uzito huo wote, yaani karibu kilo 370, kwa sababu nanga iliyozama kwenye tope au kunasa kwenye jiwe haing'oki kwa nguvu inayolingana na uzito wake peke yake. Kwa mashua ya mita 10 au 11, mahitaji hayo humfikisha mwenye chombo kwenye winchi ya wati 1000 hivi.

Mabaharia wa majahazi walifanya kazi hii kwa mikono, watu wengi kwenye amari moja. Meli kubwa zinazoingia bandari ya Kilindini zina mitambo ya haidroliki, au mota za umeme mkubwa wa volti 440 hivi unaotoka kwenye jenereta zake. Mashua ya kuvua kwa mshipi, ya watalii wa kupiga mbizi au ya familia iko katikati: watu wawili au watatu ndani yake, nanga isiyovutika kwa mkono mmoja, na umeme wa betri wa volti 12. Nahodha wake anaihitaji winchi zaidi saa ile mbaya, kusi linapovuma na chombo kinaburura nanga kuelekea mwambani. Hapo hakuna muda wa kusubiri mota ipoe.

Wati 1000 za chombo si wati 1000 za nyumbani

Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Kifaa cha wati 1000 ukikichomeka ukutani Mjambere, kinavuta ampea 4 na kidogo tu, kwa kuwa wati ni volti mara ampea. Kazi hiyohiyo kwa betri ya volti 12 inadai ampea 83. Kwa sababu mota yoyote hula zaidi inapobanwa na mzigo, fundi mwangalifu huanza hesabu yake na ampea 90, na hata hapo hulinganisha na karatasi ya mtengenezaji wa winchi.

Ampea hizo ndizo zinazodai unene. Kila waya, hata wa shaba safi, unaukinza umeme kidogo. Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni hiyo mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni ampea mara ukinzani wa waya. Ampea zikiwa mara ishirini, hasara ni mara ishirini kwa waya uleule.

Tazama tofauti yake kwa tarakimu. Waya wa soketi wa nyumbani, wenye milimita 2.5 za mraba, ukipeleka wati 1000 za volti 240 kwa njia ya mita 18 kwenda na kurudi, unapoteza kama nusu volti. Nusu volti katika 240 haiwezi kuonekana wala kuhisiwa na mtu. Nusu volti hiyohiyo ikipotea kwenye chombo cha volti 12 ni zaidi ya asilimia 4 ya umeme wote. Ndiyo maana fundi hodari wa nyumba, aliyefunga umeme katika majengo mengi ya Bamburi na Mtopanga, anaweza kukosea kabisa kwenye mashua bila kufanya uzembe wowote. Macho yake yamezoea nyaya ambazo ndani ya chombo ni nyuzi tu.

Hesabu yenyewe

Kanuni inaandikika kwenye kiganja: ampea, zidisha kwa urefu wa waya kwa mita, zidisha kwa 0.0175, kisha gawanya kwa volti unazokubali zipotee. Jibu ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Hiyo 0.0175 ni ukinzani wa shaba yenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba, ikiwa na joto la nyuzi 20.

Urefu ndipo penye mtego wa kwanza, na unawanasa hasa mafundi wa umeme wa magari, ambao ndio wengi wanaoitwa kwenye mashua. Kwenye gari, waya mmoja huenda kwenye taa au kwenye stata, na umeme hurudi kwa kupitia bodi ya chuma. Fundi wa gari huhesabu njia ya kwenda peke yake, na yuko sahihi. Mashua ya mbao au ya faiba haina bodi ya kurudishia chochote. Umeme unakwenda kwa kebo nyekundu na kurudi kwa kebo nyeusi, na zote mbili zinakula volti. Kebo ikipinda kukwepa tangi la mafuta, kupanda ukuta na kushuka tena, mita hizo nazo zinahesabiwa. Hata mashua ya chuma hairuhusiwi kutumia mwili wake kama njia ya kurudi, kwa kuwa umeme unaopita ndani ya chuma kilicho majini huharakisha kuliwa kwake na kutu.

Kwa hiyo chukua mashua ya mita 11 yenye betri karibu na injini. Kamba ya kupimia ikifuata njia halisi ya kebo, inaonyesha mita 9 hadi omo. Kwenda na kurudi ni mita 18. Ampea ni 90. Sasa kinabaki kiasi cha volti zinazoweza kuachwa njiani. American Boat and Yacht Council, baraza la Marekani ambalo viwango vyake hufuatwa na waunda mashua wengi duniani, limeweka asilimia 3 kwa vitu kama taa za kusafiria, na asilimia 10 kwa vitu ambavyo upungufu kidogo hauviharibii kazi. Winchi kwa kawaida huwekwa kwenye kundi la asilimia 10. Asilimia 10 ya volti 12 ni volti 1.2.

90 mara 18 mara 0.0175 ni 28.35. Gawanya kwa 1.2: jibu ni 23.6. Kebo inayofuata dukani kwa unene ni ya milimita 25 za mraba, au kama wanavyoiita wauzaji, "ya 25". Imepita mtihani, kwa karatasi.

Kwa karatasi tu, kwa sababu tumehesabu shaba ya nyuzi 20, na hakuna chumba cha injini Mombasa chenye nyuzi 20. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumba kikifika nyuzi 50, jambo la kawaida injini ikishatembea, hasara inaongezeka kwa asilimia 12 hivi. Kebo ya 25 iliyokuwa ikipoteza volti 1.13 sasa inapoteza 1.27. Imevuka mpaka, na bado hatujahesabu viungio, swichi na breka, ambavyo vyote hujikatia fungu dogo. Kebo ya 35 katika joto hilohilo inapoteza volti 0.9 hivi, inabaki nafasi ya viungio. Ya 50 inapoteza 0.64. Kwa chombo hiki, ya 35 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, na mwenye uwezo anunue ya 50.

Sasa linganisha na kile kinachokutwa chini ya sakafu ya chombo chenye malalamiko: kebo ya 10, mabaki ya kazi nyingine. Hasara yake ni volti 2.8, hata kabla ya joto. Betri yenyewe ikibanwa na ampea 90 hushuka kutoka 12.6 hadi chini ya 12. Winchi inabaki na volti 9 au pungufu. Mota ya winchi ikipata volti chache huzunguka polepole, huchukua muda mrefu kupandisha mnyororo uleule, na muda wote huo inapata moto. Ile swichi kubwa, yaani solenoidi, inategemea sumaku ya umeme ili kushika. Volti zikipungua mno sumaku inaachia, mzigo unatoka, volti zinapanda, inashika tena, inaachia. Hiyo ndiyo ta-ta-ta. Kila mlio mmoja ni cheche inayokula uso wa shaba ndani ya solenoidi, na mwisho wake swichi inaungua au inagandamana ikabaki imewaka.

Na zile volti 2.8 zilizopotea zimekwenda wapi? Zidisha kwa ampea 90: wati 250 na zaidi, zote zimegeuka joto ndani ya kebo, chini ya sakafu ya mbao.

Dukani

Kosa la pili hufanyika kwenye kaunta. Kebo hununuliwa kwa macho, na macho hupima plastiki. Kebo mbili zenye unene sawa kwa nje zinaweza kutofautiana sana kwa shaba iliyomo ndani. Namba iliyopigwa chapa kwenye ganda ndiyo ya kusoma, na hapo napo pana mtego kwa vyombo vilivyotoka Marekani au vyenye vitabu vya huko. Wamarekani hutumia namba ambazo zikipungua waya unanenepa: namba 2 yao ni karibu milimita 33.6 za mraba, na ile inayoandikwa 2/0 ni karibu 67.4. Fundi anayesoma "2" kwenye kitabu na kununua milimita 2 na nusu amenunua waya wa soketi.

Mtego mkubwa zaidi ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu. Inauzwa sana kwa ajili ya muziki wa magari na kuamshia betri, ni nafuu, na ikikatwa inang'aa wekundu wa shaba. Alumini inakinza umeme kwa karibu asilimia 60 zaidi ya shaba, kwa hiyo kebo ya aina hiyo iliyoandikwa 35 hufanya kazi ya 22 au 23. Baya zaidi, chumvi ikiingia mahali alumini na shaba zilipogusana, huila haraka.

Kuitambua ni kazi ya dakika moja. Toa uzi mmoja katika kebo, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, umepata kilicho bora kuliko vyote kwa bahari: shaba iliyopakwa bati. Ukiwa mwekundu nje na ndani, ni shaba tupu.

Kuna pia kipimo cha pili ambacho hakihitaji hata wembe, bali mizani. Mita moja ya shaba ya milimita 35 za mraba ina uzito wa gramu 313 hivi, bila kuhesabu ganda. Mita 18 zake ni kilo 5.6. Roli la mita 18 la "35" likipanda kwenye mizani na kusoma kilo 4 pamoja na plastiki yake, shaba haimo ya kutosha, hata muuzaji aseme nini.

Lile bati linalopakwa juu ya shaba lina kazi kubwa Mombasa. Hewa ya pwani imebeba chumvi na unyevu mwaka mzima. Shaba tupu ikiachwa wazi kwenye ncha inaanza kuwa nyeusi, kisha kijani, na uozo huo hupanda ndani ya ganda kwa kufuata nafasi kati ya nyuzi. Ukifungua kebo ya miaka michache iliyofungwa vibaya, unaweza kukata sentimita 10, ukakata 10 nyingine, na bado ukakuta nyuzi nyeusi. Kebo ya mashine za kulehemu, ambayo mafundi wengi huipenda kwa ulaini wake, ina nyuzi nyingi nyembamba zinazofaa mtikisiko wa chombo, lakini mara nyingi shaba yake haina bati na mpira wake haukutengenezwa kukaa kwenye mafuta na maji ya chumvi. Nayo kebo ya nyumba yenye nyuzi chache nene ni ngumu, na mtikisiko wa injini huivunja polepole mahali inapoingia kwenye kichwa chake.

Vichwa hivyo vya shaba vya kufungia ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Kichwa cha kebo ya 35 hakibaniki kwa plaisi wala kwa kupigwa nyundo juu ya jiwe. Kinahitaji koleo la haidroliki lenye taya za ukubwa huohuo, ambalo karakana kubwa za magari na za majenereta huwa nalo. Asiye nalo huazima au hupeleka kebo zikabanwe huko. Kikishabanwa, kinafunikwa kwa mpira wa kunywea kwa moto wenye gundi ndani, ili hewa ya chumvi isipate mlango.

Fyuzi na breka

Kebo nene ina hatari yake. Betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, na kebo iliyochubuka ikagusa minyororo au injini itawaka moto kabla mtu hajafika kwenye kifuniko cha betri. Kwa hiyo kebo ya winchi hupewa fyuzi karibu kabisa na betri, sentimita 20 hivi kutoka kwenye kichwa cha chanya. Kuiweka omo karibu na winchi, kama ambavyo baadhi ya vyombo vimefungwa, kunaacha mita 9 za kebo bila ulinzi wowote. Fyuzi hiyo huilinda kebo. Mota yenyewe inalindwa na breka ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji wa winchi, na ukubwa huo haupandishwi kwa sababu breka "inasumbua."

Hapa kebo nyembamba inaleta hila ambayo wengi hawaitarajii. Nanga ikinasa kabisa kwenye jiwe, mota husimama na kuvuta ampea mara kadhaa ya kawaida. Breka hungoja wingi huo ndipo ikate. Kebo nyembamba inaukaba umeme, ampea hazipandi vya kutosha, breka inachelewa au haikati kabisa, na mota inakaa imesimama huku inaiva. Mwenye chombo anaona mota imeungua na breka haijaruka, anahitimisha kwamba breka ni mbovu.

Nahodha naye ana sehemu yake. Winchi imetengenezwa kukusanya mnyororo na kunyanyua nanga. Kukivuta chombo kizima dhidi ya upepo ni kazi ya injini. Injini ikiwashwa kabla ya kugusa swichi ya winchi, altaneta inainua volti za mfumo kufikia 13 na zaidi, na chombo kikisogezwa mbele taratibu mnyororo unalegea. Nanga iliyonasa ing'olewe kwa kufunga mnyororo kwenye nguzo ya omo na kusukuma kwa injini, kisha winchi imalizie.

Njia mbili za kukwepa kebo nene

Mwenye chombo kirefu akisikia bei ya mita 30 au 40 za kebo ya 70 au 95, huuliza kama kuna njia nyingine. Zipo mbili, na zote zina masharti.

Ya kwanza ni kwenda volti 24. Winchi ya wati 1000 ya volti 24 inavuta nusu ya ampea, na asilimia 10 ya 24 ni volti 2.4. Faida inajizidisha: kwa umbali uleule wa mita 18 na ampea 45, kebo ya 16 inapoteza volti 0.9 tu, chini ya asilimia 4. Kwa chombo kinachoundwa upya, au ambacho injini yake tayari ni ya volti 24, hakuna sababu ya kuchagua 12. Kwa chombo ambacho kila kitu chake ni cha 12, kubadilisha winchi, betri na chaja kwa ajili ya nanga peke yake kunaweza kugharimu kuliko kebo.

Ya pili ni kuweka betri ya winchi hukohuko omo, kebo nene ikabaki ya mita moja au mbili, na waya wa wastani ukatoka nyuma kuichaji. Inafanya kazi, lakini waya wa kuchaji usipodhibitiwa, siku winchi inapovuta, betri za nyuma nazo zitataka kusaidia kupitia waya huohuo mwembamba, na fyuzi yake itakatika. Panatakiwa chaja ya kutoka betri hadi betri, yenye kikomo cha ampea. Isitoshe, betri ya kilo 25 omo inazamisha pua ya mashua ndogo kwenye mawimbi ya kusi, na inakaa mahali penye kurushwarushwa kuliko pote chomboni. Lazima ifungwe kwa mikanda, iwe na kisanduku na hewa.

Kupima kazi ikiisha

Kebo ikishafungwa, kila nusu mita imeshikwa ili isisugue, na imepitishwa juu ya usawa wa maji ya ngama, kazi haijakamilika mpaka ipimwe chini ya mzigo. Kupima winchi imezimwa hakusemi lolote, kwa kuwa bila ampea hakuna kinachopotea. Chombo kipelekwe mahali penye kina cha mita 10 au zaidi, nanga ining'inizwe majini, injini iwe imewashwa, mtu mmoja akae kwenye swichi na mwingine kwenye mita.

Kuna namna ya kupima inayoonyesha moja kwa moja kasoro iko wapi. Waya mrefu wa kupimia unaunganishwa kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi kwenye mita iliyo omo, na ncha ya pili ya mita inagusa chanya cha winchi wakati mota inavuta. Namba inayosomeka ni volti zinazopotea upande mwekundu peke yake. Kisha hivyohivyo upande mweusi. Kwenye chombo chetu chenye njia ya mita 9 na kebo ya 35, kila upande unapaswa kusoma chini kidogo ya nusu volti kwa ampea 90, na mweusi ulingane na mwekundu au uwe pungufu kidogo, kwa kuwa breka, fyuzi na mara nyingi solenoidi ziko upande mwekundu. Mweusi ukisoma volti 1, kebo haina lawama. Kuna kichwa kilicholegea au kilicholiwa na kutu kati ya betri na omo. Mita ikisogezwa kiungio kimoja kimoja, kile kinachosoma zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti ndicho cha kufunguliwa, kusafishwa na kubanwa upya.

Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi, zifunikwe kwa plastiki na kubandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku cha betri: unene wa kebo, urefu wa kwenda na kurudi, ampea zilizosomwa, volti zilizopotea kila upande, na tarehe. Kila mwaka kusi likiisha, kipimo kirudiwe kwa kina kilekile. Hasara iliyokuwa 0.9 ikisoma 1.3, fundi atakayeitwa, awe yule wa kwanza au mwingine, ataanza na vichwa vya kebo, na mota ataiacha ilipo.